UZI: Torino, wale wa jezi ya damu ya mzee

#1 (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Juzi nilikuwa kibanda umiza naangalia dabi ya Turin kule Italia, Torino na Juventus (Juve). Dogo mmoja kavaa jezi ya Juve akauliza kwa sauti ili kila mtu asikie: "Hivi hawa Torino wanatafuta nini kwenye ligi? Kombe hawachukui, daraja hawashuki, wapo wapo tu." Kibanda kizima kikaangua kicheko. Na mimi nilicheka, nisijifanye. Kuanzia msimu wa 2021/22 wamemaliza wa 10, wa 10 tena, wa 9, kisha wa 11. Ukitaka kumfundisha mgeni maana ya "wapo wapo tu", mwonyeshe msimamo wa Serie A.

Ila mji ule nimeukaa miaka miwili nikisoma, na mzee aliyenipangisha chumba alikuwa Toro lialia, yaani Torino damu. Wiki ya kwanza niliteleza ulimi, nikamwambia nimefurahi kufika mji wa Juventus. Mzee akaweka kikombe cha kahawa mezani taratibu, akaingia chumbani, akatoka na picha ya kwenye fremu. Wanaume 11, bukta pana kama sketi, nywele zimelazwa kwa mafuta. Akaanza kuwataja bila kuitazama picha, macho yake kwangu, kwa mpigo mmoja kama mtoto wa madrasa anayesoma sura aliyoihifadhi: Bacigalupo, Ballarin, Maroso, Grezar, Rigamonti, Castigliano, Menti, Loik, Gabetto, Mazzola, Ossola. Alipomaliza akasema, "Mji uliofika ni wa hawa." Kahawa ilishapoa.

Baadaye niligundua hayuko peke yake. Mtu wa Toro wa umri ule anayajua majina hayo kwa mdundo huohuo, kipa mpaka winga wa kushoto, na ukimkatiza njiani inabidi aanze upya.

Kwa hiyo uzi huu ni jibu kwa yule dogo. Nitaandika kwa vipande, simu yangu betri ni ya kubahatisha.

Tuanze na rangi. Waitaliano wanaiita granata. Sisi hatuna haja ya kuazima, tuna neno letu: damu ya mzee. Na kwa timu hii neno letu linakaa kuliko hata la kwao, maana hadithi inayopendwa zaidi kuhusu rangi hiyo ni ya damu kwelikweli. Mwaka 1706 Wafaransa waliuzingira mji wa Turin, wakashindwa. Husimuliwa kwamba tarishi aliyeleta habari za ushindi alifika na kitambaa shingoni kimelowa damu, na askari wa Savoia, dola iliyotawala Turin enzi hizo, wakaifanya rangi ile kuwa kumbukumbu. Klabu ilizaliwa 1906, miaka 200 kamili baadaye. Wapo wanaosema hapana, rangi ilitoka Servette ya Geneva, timu aliyoipenda Mswisi mmoja kati ya waanzilishi. Mzee wangu ukimtajia Servette anageuza maongezi, anakuuliza kama umekula.

Vita hivyohivyo vina jambo lingine. Mtawala wa Savoia, Vittorio Amedeo II, alipanda kilima kilicho pembeni ya mji ili ayaone majeshi ya adui kwa juu, akaweka nadhiri kwamba akishinda atajenga kanisa palepale. Akashinda, akajenga. Kanisa lenye kuba kubwa, unaliona ukiwa mbali kabisa mjini. Kilima kinaitwa Superga. Lishikeni hilo jina.

#2

Naweka kambi hapa. Tiririka mkuu, ila usije ukawa kama wale wa "itaendelea" mpaka leo haijaendelea.

#3

Mimi Juve tangu enzi za Del Piero. Sasa historia ya Torino bila kusema kwamba walitoka tumboni mwetu ni historia gani?

#4 (mleta uzi)

Mkuu #3 umeniwahi tu, nilikuwa nafika. Ni kweli, na wao wenyewe hawakatai. Alfred Dick, Mswisi, mfanyabiashara wa ngozi, alikuwa rais wa Juventus ilipochukua ubingwa wake wa kwanza 1905. Akakorofishana na wenzake, akaondoka na baadhi ya wachezaji. Usiku wa tarehe 3 Desemba 1906 wakakutana kwenye baa ya bia, Birreria Voigt, mtaa wa Pietro Micca, wakaungana na watu wa FC Torinese, klabu nyingine ya mjini. Pale ndipo Torino ilipozaliwa, mezani, glasi zikiwa mbele yao. Dabi ya kwanza ilipigwa 13 Januari 1907: Torino 2, Juventus 1. Dick hakuifaidi raha hiyo kwa muda mrefu, alijiua 1909.

Kwa Mbongo hakuna la ajabu hapo. 1936 kuna wanachama wa Young Africans waliogombana na wenzao wakatoka, na timu waliyoianzisha leo ndiyo Simba. Ugomvi wa nyumba moja haupoi.

#5

Kwa hiyo Toro ndiye Simba? Basi nishahamia.

#6

Angalia vizuri, huyu mnyama ana pembe.

#7 (mleta uzi)

Ana pembe kweli mkuu #6. Ni fahali aliyesimama kwa miguu ya nyuma, na hakubuniwa na klabu, ni nembo ya mji wenyewe. Jina la mji kwa Kiitaliano, Torino, ukilisikiliza unamsikia fahali, toro, ndani yake. Hapo ndipo ilipo hoja yao kubwa: sisi tumevaa mji, nyie mmevaa kampuni.

Maana 1923 Edoardo Agnelli, mtoto wa mwanzilishi wa Fiat, alikuwa rais wa Juventus, na familia hiyo haijaiachia mpaka leo. Juve ikawa timu ya Italia nzima. Watu waliotoka kusini kuja kufanya kazi viwandani Turin, wengi walikuwa wameshaipenda kabla hawajapanda treni. Toro wakabaki na mitaa. Watu wa Toro huwaita mashabiki wa Juve gobbi, yaani vibiongo. Kwa miaka miwili sikuwahi kumsikia yule mzee akitamka neno Juventus.

Ila msiimeze hadithi hii na mifupa yake. Wavuja jasho dhidi ya mabwana, inapendeza kuisimulia, lakini Torino nao walikuwa na bwana wao. Uwanja wao wa Filadelfia, uliofunguliwa 17 Oktoba 1926, ulijengwa na rais wao Enrico Marone Cinzano, wa ile familia ya pombe ya vermuti. Na wakati wa vita, 1944, wachezaji wa Torino waliandikishwa kama wafanyakazi wa Fiat ili wasipelekwe mstari wa mbele. Timu ikaitwa Torino FIAT! Halafu wakafungwa mechi ya ubingwa na timu ya zimamoto wa La Spezia. Hii ya zimamoto mzee alinisimulia mara moja tu, tena baada ya mvinyo.

Kuna kidonda kingine cha zamani. Ubingwa wa 1926/27 waliuchukua uwanjani, wakanyang'anywa mezani kwa tuhuma kwamba beki wa Juventus, Luigi Allemandi, alihongwa kabla ya dabi. Msimu uliofuata wakauchukua tena, safari hii wakabaki nao, na safu ya mbele ya Baloncieri, Libonatti na Rossetti. Libonatti walimtoa Argentina. Lakini mpaka leo ukienda kwenye baa za mitaa ile wapo wanaodai ule wa 1927 urudishwe.

#8

Tunasubiri hao 11 wa kwenye picha.

#9 (mleta uzi)

Hao wanataka utulivu, nimechaji simu kabisa.

1939 klabu ilipata rais anaitwa Ferruccio Novo, mtu aliyekuwa amewahi kuichezea mwenyewe bila makali yoyote. Akili yake ilikuwa kwenye usajili. Mwaka 1942 aliwanunua viungo wawili wa Venezia kwa mpigo, Ezio Loik na Valentino Mazzola. Gabetto alikuwa mtoto wa Turin aliyetokea Juve, akiwa na ubingwa wa kule tayari. Kipa Bacigalupo na beki Rigamonti waliishi nyumba moja na mwenzao Martelli, via Nizza, wakaitwa watatu wa Nizza. Kocha kwenye ufundi alikuwa Ernő Egri Erbstein, Myahudi wa Hungary aliyelazimika kuondoka Italia kwa sababu ya sheria za ubaguzi za Mussolini za 1938, akanusurika vita, akarudi kuendelea na kazi palepale alipoiachia.

Wakachukua ubingwa wa 1943 pamoja na Coppa Italia, timu ya kwanza Italia kuchukua vyote viwili msimu mmoja. Vita vikasimamisha ligi. Ligi iliporudi: 1946, 1947, 1948, 1949. Msimu wa 1947/48 walifunga magoli 125 katika mechi 40. Tarehe 2 Mei 1948 walimpiga Alessandria 10-0. Nyumbani hawakupoteza mechi ya ligi kwa zaidi ya miaka 6. Na 11 Mei 1947 Italia iliifunga Hungary 3-2 ikiwa na wachezaji 10 wa Torino kwenye kikosi cha kwanza. Wa 11 alikuwa kipa, Sentimenti, wa Juventus. Mkuu #3, mlileta kipa.

Lakini namba hazikuonyeshi Filadelfia palikuwaje. Uwanja mdogo, jukwaa la mbao, watu wako karibu na mstari kiasi cha kumshika winga jezi. Timu ikicheza kivivu, jukwaani kulikuwa na jamaa mmoja mfanyakazi wa reli anakuja na tarumbeta. Anapuliza. Mazzola akilisikia, popote alipo uwanjani, anasimama, anakunja mikono ya jezi mpaka kwenye viwiko. Basi. Wenzake wanajua, wapinzani wanajua, mashabiki wanaanza kunguruma. Kinachofuata kikapewa jina, robo saa ya damu ya mzee, dakika 15 ambazo magoli yanaingia matatu, manne. Mzee alikuwa mtoto wa miaka 7, kapakatwa na baba yake, na alichokumbuka si magoli. Alikumbuka ile mikono ya jezi.

#10

Hatari sana. Mikono tu inakunjwa watu wanatepeta.

#11 (mleta uzi)

Sasa Superga.

Mwanzoni mwa Mei 1949 ligi ilikuwa imebaki mechi 4 na Torino wako mbele kwa pointi 4. Walikuwa wametoka sare ya 0-0 na Inter Milan tarehe 30 Aprili. Wakasafiri Lisbon kucheza mechi ya kirafiki na Benfica kumuenzi nahodha wao Francisco Ferreira. Walifungwa 4-3, haikuwa na uzito wowote. Kesho yake, 4 Mei, wakapanda ndege kurudi.

Turin ilikuwa na mvua na wingu lililolala chini. Ndege ilikuwa Fiat G.212 ya injini tatu. Saa 11 na dakika 3 jioni iligonga ukuta wa nyuma wa lile kanisa la nadhiri, juu ya kilima. Watu 31, hakuna aliyepona. Wachezaji 18, Erbstein, kocha Mwingereza Leslie Lievesley, viongozi, waandishi watatu akiwemo Renato Casalbore mwanzilishi wa gazeti la Tuttosport, na wahudumu wa ndege.

Aliyeitwa kutambua miili ni Vittorio Pozzo, kocha aliyeipa Italia Kombe la Dunia 1934 na 1938, mtu ambaye Torino alikuwa ameifundisha mwenyewe ujana wake na anatajwa kati ya waliokuwepo siku za kuanzishwa kwake. Wengi wa wale vijana ndiye aliyewapa jezi ya taifa. Akawa anawatambua mmoja mmoja.

Waliobaki ni kwa mambo madogo. Beki Sauro Tomà alikuwa na goti bovu. Rais Novo alikuwa na mafua. Kipa wa akiba Renato Gandolfi aliachwa, nafasi yake akapewa Dino Ballarin, kwa sababu kaka yake Aldo alitaka mdogo wake naye aione Lisbon. Ballarin wawili kwenye jiwe la majina kule Superga, ndio hao.

Mazishi yalikuwa 6 Mei. Watu walioingia mitaani wanakadiriwa nusu milioni au zaidi. Mechi 4 zilizobaki Torino walipeleka timu ya vijana, na Genoa, Palermo, Sampdoria na Fiorentina, kila mmoja kwa zamu yake, nao wakapeleka vijana wao. Vijana wa Torino walishinda zote 4. Baadaye mwezi huohuo River Plate walivuka bahari kutoka Argentina kuja kucheza mechi ya kuchangia familia, na undugu wa timu hizo mbili haujafa. Mwaka uliofuata timu ya taifa ya Italia ilikwenda Kombe la Dunia Brazil kwa meli.

#12

Mkuu mimi miaka yote nilijua ya Munich 1958 tu, ya Manchester United. Hii hawajatusimulia.

#13

Na sisi wa huku tuna ya Zambia 1993 pale Libreville. Nilikuwa darasa la tano, redio ilikuwa inarudia majina.

#14

Kuna mtoto wa Mazzola aliyecheza Inter au nachanganya?

#15 (mleta uzi)

Hujachanganya. Sandro Mazzola, alikuwa na miaka 6 baba yake alipokufa. Akawa gwiji wa Inter, akachukua Kombe la Ulaya mara mbili. Mdogo wake aliitwa Ferruccio, kwa heshima ya rais Novo.

#13, hayo ya redio kurudia majina, umenigusa. Kule nao ndivyo walivyohifadhi.

#16 (mleta uzi)

Naendelea. Baada ya hapo timu iliporomoka mpaka ikashuka daraja kwa mara ya kwanza 1959, tena msimu ambao jina la kampuni ya chokoleti, Talmone, lilibandikwa mbele ya jina la klabu. Mzee anasema walishushwa na chokoleti. Wakarudi mwaka uliofuata.

Halafu akaja Gigi Meroni.

Huyu angezaliwa zama hizi za simu angekuwa na wafuasi kuliko klabu yenyewe. Winga wa kulia, jezi namba 7, soksi chini, nywele ndefu na ndevu Italia ya 1964 ambako hata kocha wa taifa alitaka akanyoe. Anajichorea nguo zake mwenyewe zinashonwa. Anachora picha za rangi. Siku moja mjini kwao Como alitembea barabarani na kuku kamfunga kamba kama mbwa, kuona tu watu watasema nini. Uwanjani anampita beki, anamsubiri, anampita tena. Waliokuwa wanamtukana kwa nywele walikuwa wanakata tiketi ya kuja kumtazama.

1967 Juventus waliweka mezani lira milioni 750 wamchukue. Mji ukachafuka. Mashabiki wakaenda mpaka nyumbani kwa rais Orfeo Pianelli, na hata kwenye viwanda vya Fiat joto likapanda. Pianelli akarudi nyuma, dili likafa.

Tarehe 15 Oktoba mwaka huohuo, Jumapili, Torino walimfunga Sampdoria 4-2. Jioni Meroni na beki Fabrizio Poletti walikuwa wanavuka barabara ya Corso Re Umberto. Gari likamgonga Meroni, likamrusha upande wa pili, la pili likampitia. Alikuwa na miaka 24. Dereva wa gari la kwanza alikuwa kijana wa miaka 19, shabiki wa Torino, Meroni ndiye mchezaji wake, picha yake kaibandika. Jina la kijana: Attilio Romero.

Jumapili iliyofuata ilikuwa dabi. Nestor Combin, rafiki wa Meroni, alikuwa na homa. Akaingia hivyohivyo, akafunga matatu. La nne akafunga Carelli, aliyepewa namba 7. Juventus 0, Torino 4.

Sasa shikilieni viti. Rubani wa ndege ya Superga alikuwa anaitwa Pierluigi Meroni. Hawana undugu, ni jina tu. Na mwaka 2000 Attilio Romero, yule kijana, ndiye aliyekuwa rais wa Torino.

#17

Acha fiksi mkuu.

#18

Nimegugo. Ni kweli. Mwili umenisisimka.

#19 (mleta uzi)

#17 pole, nami siku nasimuliwa nilidhani mzee ananipima akili.

Na ilifilisika mikononi mwa uongozi huohuo, 2005. Uwanjani walikuwa wameshapanda Serie A, makaratasi yakawakataa, klabu ya 1906 ikafungwa kama kampuni. Ikaanzishwa upya, Urbano Cairo akainunua mwanzoni mwa Septemba 2005, wakapanda 2006, mwaka wa miaka 100.

Nimeruka 1976 kwa makusudi kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ya furaha na furaha haina maneno mengi. Kocha Gigi Radice, Pulici na Graziani mbele, mapacha wa magoli, Claudio Sala akiwalisha. Mechi 15 za nyumbani, walishinda 14 mfululizo, ya mwisho sare 1-1 na Cesena, 16 Mei, siku ya ubingwa. Pulici alimaliza na magoli 21. Ndio ubingwa wao wa mwisho. Mwaka uliofuata walipata pointi 50 kati ya 60, Juve 51. Pointi 50 kwa msimu wa mechi 30, halafu unakuwa wa pili!

1992 fainali ya Kombe la UEFA na Ajax: 2-2 Turin, 0-0 Amsterdam, mpira umegonga mwamba mara tatu, kombe likaenda kwa Ajax kwa magoli ya ugenini. Waliponyimwa penati, kocha Emiliano Mondonico alinyanyua kiti cha benchi juu ya kichwa kwa mikono miwili, akasimama nacho hivyo. Hakumrushia mtu. Ukienda nyumba za mashabiki wa Toro utaikuta picha ya kiti, ya Ajax na kombe hakuna anayeikumbuka. Walikosa kombe, wakapata nembo ya pili.

#20

Mkuu hujasema lolote la dabi. Au kwa kuwa kipigo ni kingi?

#21 (mleta uzi)

#20, toka Aprili 1995 mpaka 26 Aprili 2015 Torino hawakushinda dabi hata moja. Miaka 20. Nimesema.

Lakini #3 aliyeanza na Del Piero atakumbuka 14 Oktoba 2001. Mapumziko Juve 3-0, Del Piero kapiga mawili. Kipindi cha pili Toro wakarudisha yote matatu, Lucarelli, Ferrante, Maspero. Dakika za mwisho Juve wakapata penati. Wachezaji wote wamemzunguka mwamuzi wanabishana. Maspero hayupo kwenye ugomvi. Yuko kwenye alama ya penati, mgongo kawapa, anachimba kwa ncha ya kiatu kama kuku anayetafuta punje. Anachimba, anaangalia pembeni, anachimba. Marcelo Salas akaweka mpira kwenye kishimo, akapiga, ukaenda juu ya goli kabisa. 3-3. Sare! Na wanaisherehekea mpaka leo kama kombe.

#3 (amerudi)

Ile penati ilininyima chakula. Sikujua habari za shimo mpaka miaka imepita. Washenzi kabisa hao jamaa. 😂

#22

Swali la kweli sasa, bila utani. Hizi habari za marehemu haziwi mzigo kwa wachezaji wa leo? Kila mwaka kwenda Superga.

#23 (mleta uzi)

Swali zuri kuliko uzi wenyewe.

Mimi naona watu wa nje, na waandishi hasa, wameigeuza Torino kuwa timu ya msiba. Inauza. Kila ikifika Mei makala ni zilezile, machozi yaleyale. Wakati mzee wangu hakunifundisha msiba, alinifundisha mikono ya jezi iliyokunjwa, shimo la Maspero, kiti cha Mondonico. Ni timu ya ubishi. Superga ni pale ubishi ulipopata jibu gumu.

Na uongozi nao unajificha humo. Nafasi ya 10 kila mwaka, mchezaji akiiva anauzwa, mashabiki wakilalamika wanapelekewa kumbukumbu. Uwanja umebadilishwa jina 2016 ukaitwa Grande Torino, sawa, vizuri. Lakini Filadelfia wenyewe, palipopulizwa tarumbeta, ulivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaachwa magofu na majani karibu miaka 20. Ulifunguliwa tena 25 Mei 2017 kama uwanja wa mazoezi. Mzee ana kipande cha tofali la ule wa zamani kwenye dirisha la jikoni, anashikizia dirisha lisipigwe na upepo. Mashabiki wamemwandamania Cairo mara nyingi tu auze timu. Kwa hilo niko nao.

Lakini Superga nimekwenda, 4 Mei, na mzee. Unapanda kitramu kutoka Sassi, kinakwea mlima kwa meno ya chuma, taratibu, kelele nyingi. Unazunguka nyuma ya kanisa. Njia nyembamba, ukuta wa mawe upande mmoja, upande mwingine mteremko na miti. Jiwe la majina liko ukutani palepale, limezungukwa na skafu, na nyingi si za Torino: nimeona za timu za Italia, za Ureno, za Argentina. Watu wamejaa lakini hakuna anayepiga kelele. Nahodha wa timu anasimama mbele ya jiwe anasoma majina. Yote 31, sio 18. Rubani, mwandishi, mhudumu wa ndege, wote. Anasoma taratibu, na kila jina watu wanalirudia chini chini au wanapiga makofi. Nahodha yule alikuwa kijana mdogo na sauti ilimkatika kwenye Ballarin wa pili. Mzee akanishika kiwiko, akanong'ona, "Hapo huwa wanakwama wote."

Kwa hiyo mzigo ndiyo, #22. Ila sikuona mtu aliyetaka kuutua.

#24

Heshima yako mleta uzi. Jezi ya hawa jamaa Bongo inapatikana wapi? Naitaka ile yenye fahali.

#25 (mleta uzi)

Mpya sijawahi kuiona popote mjini. Yangu niliiokota mitumba Karume, imepauka kidogo begani ila fahali yupo mzima kifuani. Muuzaji akaniambia, "Chukua hiyo Roma bosi, imebaki moja." Nikamlipa pesa ya Roma nikaondoka haraka.